Kiti na Kilichomo

Mimi ni fundi wa viti. Nasema mapema, maana watu wa Masasi wakisikia neno fundi wanakuletea redio. Redio sizijui. Paa silijui. Ukiniletea kabati nitakutolea maneno, na mke wangu Mwanasha anaweza kukuhakikishia hilo. Viti ndivyo ninavyovijua, hasa vya kusuka, kwa kuwa ujana wangu niliumalizia Lukuledi kwa bruda mmoja mzungu wa misheni aliyekuwa hataki kusikia habari ya msumari. Jina langu Twahiru, kabila langu Myao.

Mwaka ule wa kwanza serikali iliporuhusu watu binafsi kununua korosho, mji ulichangamka kupita kiasi. Wageni walishuka na mizani na magunia matupu, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na kila aliyevuna vizuri alitaka sofa. Sofa la sponji, lenye kitambaa cha manyoya na maua makubwa. Linatoka Dar juu ya lori limevikwa nailoni, na likifika nyumbani nailoni haivuliwi. Unaikalia hivyo hivyo. Jasho linakuchuruzika mgongoni, na mwenye nyumba anakwambia karibu sana, jisikie uko kwako. Kiti cha kusuka kikawa kitu cha mlinzi, na mlinzi mwenyewe akipewa anaomba mto. Jamani, nilikasirika! Mwanasha alisema nikikasirikia nje ya nyumba itakuwa afadhali kwa wote. Kwa hiyo nilikuwa kibandani kwangu, nakasirika peke yangu, pale Emmanuel aliponiletea mzungu.

Emmanuel ni Mmakonde wa Newala. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, na biashara ilipofunguliwa akaacha ukarani akawa mnunuzi wa korosho, mwenye pikapu ya kukodi na makubazi mapya. Si mtu mbaya. Nakwambia sasa kwa sababu huko mbele utataka kumchukia, na mimi mwenyewe nilijaribu. Mzungu aliyekuja naye alikuwa mama wa Kifaransa mwenye duka la vitu vya zamani Dar es Salaam. Jina lake lilitushinda, tukamwita Madam. Kiswahili alikuwa nacho, tena cha mjini.

"Mtani," Emmanuel akaniambia, "angalia picha hii. Kiti kama hiki unaweza kukisuka?"

Ilikuwa picha iliyokatwa kwenye gazeti. Nikaitazama. Kiti cha mbao, chepesi, bila nakshi, bila mto. Miguu yake imepanuka kama ya mbuzi anayekataa kuvutwa. Mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa henzirani, ule mmea wa nyuzi ngumu, kwa matundu madogo yanayofanana na sega la nyuki.

"Hiki ni kiti," nikauliza, "au mifupa ya kiti?"

Madam akacheka. Akaniambia kwao, baada ya ile vita kubwa ya pili, mbao zilikuwa za shida na watu hawana nyumba. Mafundi wao wakakaa wakajiuliza kiti kinahitaji nini hasa ili kiwe kiti. Kila kisichohitajika wakakitoa. Hicho kilichobaki, akasema, sasa watu wa kwao wanakitafuta dunia nzima, na yeye amesikia kwamba Newala viko sita.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Viti vilikuwa vya mzee Nikolao, mjomba wake Emmanuel, aliyefariki karibuni. Nikolao alikuwa mpishi wa Mfaransa mmoja aliyekuja zamani za Mwingereza kuchimba maji. Newala iko juu uwandani, mchanga mtupu. Mvua ikinyesha inazama, na wanawake wanaifuata bondeni kwa miguu. Mfaransa yule alichimba hapa, akachimba pale, akatoa mchanga wa kila rangi, na maji hakuyaona. Alipochoka akarudi kwao. Viti alivyokuja navyo kwa meli hakuwa na hamu ya kuvirudisha, akamwachia mpishi wake.

Masharti ya Madam yalikuwa mawili. Viti visukwe kwa henzirani halisi, ambayo alikuja na mzigo wake kutoka Dar, na mtu asivipake rangi wala vanishi. Pili, viwe sita. "Vikiwa vitano ni viti vya zamani tu, sivihitaji," alisema. "Vikiwa sita ni seti." Alikuwa anakwenda Lindi na Mtwara kutafuta vitu vingine, angerudi Masasi wakati wa arobaini ya mzee. Siku ya arobaini mali ya marehemu ingegawanywa, na Emmanuel angeshuka na viti vyote. Hela ile ndiyo ingekuwa mtaji wake wa msimu. Alikuwa ameshawaahidi wakulima wa vijiji vitatu kwamba atanunua korosho zao, na mfukoni hana kitu.

Nilikubali. Sikukubali kwa ajili ya malipo peke yake. Miaka mingi ilikuwa imepita hakuna mtu aliyeingia kibandani kwangu akatamka neno kusuka.

Newala nilipokewa na Mama Veridiana, mama yake Emmanuel, dada wa marehemu. Hapa ni lazima nieleze jambo moja kwa ajili ya wasio wa kusini. Huku kwetu, Wayao na Wamakonde hatutofautiani katika hili: mwanamume akifa, vyake vinakwenda kwa dada yake na watoto wa dada yake. Mjane ana nguo zake na vyungu vyake. Kwa hiyo vile viti vilikuwa vya Veridiana, na kwa mkono wake vya Emmanuel, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Mama huyu ni mwembamba, mrefu, na ana chale za kale usoni. Akikutazama unajikagua vifungo.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwomba pipa la maji. Henzirani haisukwi kavu, inakatika. Lazima ilale majini mpaka ilegee. Hee! Wanawake wote uani walinigeukia.

"Pipa?" Veridiana akasema. "Wewe Myao, babu zako walitupeleka pwani kutuuza, leo umekuja kunywesha vijiti maji yetu?"

"Babu zangu waliwapeleka, mama, ni kweli," nikamjibu. "Mwarabu akawarudisha. Alisema mnakula kuliko mnavyolima."

Wakaangua kicheko, na maji nikapewa. Ndivyo ulivyo utani wa makabila yetu. Mambo ambayo mtu mwingine akiyasema angepigwa, mtani anayasema na anapewa chakula. Na maji yale nilipomaliza hayakumwagwa. Waliyatumia kukandia udongo wa ukuta wa jiko.

Viti vyenyewe vilikuwa vimeishi maisha yao. Kimoja kilipigiliwa ubao wa sanduku la sabuni, kingine kilisukwa kamba za bluu za mifuko ya mbolea, kazi nzuri ya kamba lakini Madam angezimia. Kimoja nilikikuta jikoni kimebeba sufuria. Nilianza kuvifungua bila heshima yoyote, na heshima ilinijia nikiwa kazini, kidogo kidogo, nikiwa sitaki. Nilitafuta msumari wa fundi aliyevitengeneza, sikuuona. Kila kiungo kiliingia kwenye mwenzake kikatulia. Mguu wa nyuma ulikuwa ubao mmoja tu, unapanda kutoka chini, unapinda mahali pa kiuno, unakwenda kuwa mgongo wa kiti, na pale ulipopinda ndipo penye akili yote. Anayekikalia hakai wima na wala halali. Nilikasirika tena, safari hii kwa wivu.

Vitano nilivisuka. Cha sita kilikuwa na mtu.

Mtu huyo ni Regina, mjane wa Nikolao. Kila mtu alimwita Mama Josephina, ingawa Josephina mwenyewe alikufa kwa surua akiwa mdogo na hawakupata mwingine. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani nilipofika, na alikuwa amekaa pale pale kila nilipoinua macho. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa mjane. Nikamwambia, "Mama Josephina, niachie hicho nikikague kidogo."

"Kikague nikiwa juu yake," akasema.

Nikachuchumaa, nikakagua. Henzirani yake ilikuwa ile ile ya Ufaransa, haijakatika hata uzi mmoja, imekuwa ya rangi ya chai. Nikiwa pale chini ndipo nilipomsikia anavyopumua. Kifua chake kilikuwa kinavuta pumzi kwa kazi, kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

Veridiana ndiye aliyenieleza. Moyo wa Regina umechoka, na akilala chali maji yanampanda kifuani, anazama. Mito haisaidii, anateleza. Mkeka ndio usiseme. Miaka sita alikuwa halali kitandani. Usingizi wake wote ulikuwa ndani ya kiti kile, kwa sababu mgongo wake umelala kwa kiasi kile kile anachokitaka, mikono yake inamshika asianguke, na matundu yanapitisha hewa. Nikolao naye alihama kitanda. Alitandika mkeka chini, pembeni ya kiti, akalala hapo mpaka alipokufa.

"Na Emmanuel anajua?" nikauliza.

"Anajua."

Kweli alijua, na hakukaa bure. Wiki ile ile alipanda Newala na sofa juu ya pikapu. Sofa la mtu mmoja, jekundu, lenye nailoni. Alilibeba mwenyewe mpaka barazani, akaivua nailoni, jambo ambalo sijawahi kuliona tena, akamshika Regina mkono akamkalisha. Regina akazama kwenye sponji mpaka magoti yakapita kidevu. Jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi. Tukamvuta watu watatu, tukamrudisha kwenye kiti chake. Emmanuel akabaki analitazama sofa kama limemtukana. Nilimwonea huruma, wallahi.

Nikasema basi, hii ni kazi yangu. Fundi wa viti niko hapa, mama anahitaji kiti, tatizo liko wapi? Nikapima kila kitu. Nikatafuta mninga mkavu, nikachonga, nikaunga, nikasuka kwa henzirani iliyobaki. Kilikuwa kiti kizuri. Wanawake walikisifu na Veridiana mwenyewe alikikalia akasema kuna watu Masasi wanajua kazi. Regina alikaa, akafumba macho, akajaribu. Kisha akaanza kukohoa. Mgongo ulikuwa umelala zaidi kidogo, au umesimama zaidi kidogo, sijui. Nikaukata, nikaupunguza, nikaurudia. Alikohoa tena. Pale kiunoni ubao unapopinda palinishinda. Nikakivunja kile kiti kwa shoka mbele ya kila mtu na kuni zake zikapikia ugali. Sina sababu ya kujisifia hilo, ila nilijisikia vizuri kidogo.

Nikamfuata Emmanuel. "Ima," nikamwambia, "kiache hiki kimoja."

"Madam hataki vitano."

"Mwambie kimevunjika."

"Ameshaambiwa viko sita vizima. Mtani, unafikiri mimi sina macho? Nimeahidi watu. Msimu ukifunguliwa nikaonekana sina kitu, wakulima watamuuzia mwingine na mimi mwakani hakuna atakayeniamini. Sitapata nafasi nyingine kama hii. Nitamtafutia mama kitu. Hospitali kuna vitanda vya kuinuka kichwa, nitauliza."

"Utauliza lini?"

"Nikishauza viti."

Ndipo nilipojaribu kumchukia, na sikuweza vizuri. Nikaenda kwa Regina mwenyewe, nikamwambia aseme neno. Mjane akilia mbele ya ukoo, hata mila inasikia. Akanitazama kwa hasira.

"Usiniombee, fundi. Nimekuja nyumba hii na vyungu vyangu, na vyungu vyangu vipo. Kiti si changu. Wakija kukichukua nitasimama."

"Halafu utalala wapi?"

Alikuwa anaogopa, na mimi nikaogopa pamoja naye.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Katekista aliongoza sala, watu wakala, wakanywa togwa, kisha ikaja kazi ya kugawa. Veridiana aligawa kwa haraka na kwa haki: panga kwa huyu, shuka na koti kwa yule, baiskeli kwa mwingine. Nyumba alisema mjane abaki nayo. Viti akasema ni vya Emmanuel. Pikapu ilikuwa nje inangoja, viti vitano vimeshafungwa magunia na kupakiwa, na Madam yuko Masasi gesti anasubiri. Watu wote walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Regina peke yake alikuwa kitini, katikati ya ua, na khanga yake nyeusi.

Emmanuel alisimama akajipangusa suruali. Alikuwa anakuja taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Regina akaanza kujiweka sawa ili asimame.

Sikuwa nimepanga kitu. Nikisema nilipanga nitakuwa nadanganya. Nilitoka nilipokuwa nimekaa na Wayao wenzangu waliokuja arobaini, nikafika pale kabla ya Emmanuel, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa kiti, nikapiga kelele:

"Nimeshika! Mimi mtani nimeshika! Kiti hiki na kilichomo!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtani msibani ana haki hiyo, na hakuna asiyeijua. Akiweka mkono kwenye kitu cha msiba, kimeshikwa. Hakitoki mpaka wenye msiba wakikomboe kwa kile atakachotaja. Kukasirika hakuruhusiwi. Nimeona watani wakishika sufuria ya pilau, wakishika kofia ya padri, na mwaka mmoja walishika jeneza lenyewe mpaka wakapewa jogoo. Kwa hiyo watu walifurahi. Hata Emmanuel alitabasamu, na nilimwona anapata nafuu, kwamba sasa ni mchezo.

"Haya, mtani, kuku wawili," akasema.

"Kuku wa nini? Nimepata mwanamke hapa, tena na kiti chake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Regina akainamisha kichwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, alikuwa anacheka.

"Kuku na debe la mchele."

"Mchele ale nani? Mke wangu Mwanasha akiniona nimerudi na mchele bila huyu mama atanifukuza."

"Sasa wewe Myao unataka nini?"

"Nataka kidogo tu," nikasema, na sauti yangu ikanibadilikia bila kutaka. "Nimeshika mzigo mmoja. Siukati vipande. Ukimkomboa mama, umekomboa na kiti. Na kumkomboa mama ni hivi: anakwenda kulala kwako Masasi. Anakula kwako. Akikohoa, wewe ndiye unayeamka. Akikosa usingizi, wewe ndiye unayekesha naye. Sema hapa mbele ya watu kwamba umemkomboa, uchukue kiti chako nikupakilie mwenyewe."

Wengine waliendelea kucheka. Wengine walikuwa wameshaacha. Emmanuel alitazama pikapu, akatazama mama yake. Veridiana hakumsaidia kwa lolote. Jua lilikuwa kali na dereva alikuwa anapiga honi. Kijana wa watu akakasirika. Nilimwona hasira ikimpanda shingoni, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Mimi nataka kiti tu!"

Kicheko kikafa.

Ningekuwa mimi, ningemeza ulimi wangu nife hapo hapo.

Regina akasimama. Alijiinua kwa mikono yote miwili, polepole, na mimi nilitaka kumshika akanisukuma. Akachukua ncha ya khanga yake akapangusa mahali alipokuwa amekaa. Akazunguka nyuma ya kiti, akashika mgongo wake ili asianguke.

"Kaa," akamwambia Emmanuel.

"Mama Josephina, mimi sikumaanisha..."

"Kaa, mwanangu. Ni chako. Kaa tukuone."

Mkubwa amekuamuru mbele ya ukoo mzima siku ya arobaini ya mjomba wako. Utafanya nini? Emmanuel akakaa. Kiti kilimpokea kama kinavyompokea kila mtu; mgongo wake ukalala, kichwa kikaenda nyuma kidogo, mikono ikapata pa kulala. Hata mtu asiyetaka kustarehe anastarehe mle. Macho yake yalikuwa yanatazama mbele, miguuni kwa watu.

Regina alikuwa nyuma yake, amesimama. Mwanamke mmoja aliinuka kwenye mkeka akimletea kigoda. Veridiana akanyoosha kiganja bila kugeuka.

"Mwache," akasema.

Tukabaki hivyo. Mimi mkono wangu ulikuwa bado juu ya kiti, kwa hiyo nilikuwa karibu kuliko wote. Regina alianza kuvuta pumzi kwa kifua kizima, mdomo wazi. Kila pumzi ilikuja na sauti, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Alikuwa ameegemea mgongo wa kiti na uso wake ulikuwa umeinama mpaka kwenye henzirani, nyuma ya mgongo wa Emmanuel. Shati la kijana lilikuwa jepesi, na henzirani ni matundu matupu. Niliona shati lile linatikisika mgongoni, linatulia, linatikisika. Pumzi za Regina zilikuwa zinapita kwenye kiti zinamgonga mgongoni, na hakuwa na pa kujificha nazo. Mara moja zilikoma. Emmanuel akashika mikono ya kiti. Kisha ikaja nyingine, ndogo sana.

Akaruka. Hakusimama, aliruka, akamdaka Regina kabla hajafika chini. Akamzungusha kwa mikono yake miwili, kwa uangalifu ambao sikujua anao, akamkalisha, akamwekea mikono pale inapolala, akamvuta kiunoni mpaka mgongo ukakaa kwenye kile kipindo. Akapiga magoti mbele yake mchangani. Tukamngoja wote. Ilichukua muda, na katekista alikuwa ameshaanza kusali chini chini, kabla kifua cha Regina hakijarudi kwenye mwendo wake na macho yake hayajafunguka.

Emmanuel akageuka kwa dereva pale langoni. "Zima gari," akamwambia. "Shusha hivyo vitano."

Mimi nilikuwa bado nimeshika. Mila ni mila. Mtani haondoi mkono mpaka mkombozi atamke. Nikasema kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Sijasikia mtu kukomboa."

"Nimekomboa," akasema Emmanuel.

"Kiti, au na kilichomo?"

Alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya ukoo na majirani, na hakujifuta.

"Ondoa mkono wako, mtani," akasema. "Unamzuia mama yangu kupumua."

Nikauondoa.